Lipa kodi kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama nitakukasirikia ukiacha kazi ya uhasibu hapo Torino uingie chuo cha maigizo, ukanitajia na Marcello Mastroianni, yule mwigizaji maarufu wa filamu wa Italia, kwamba naye alikuwa karani tu. Haya, alikuwa karani. Lakini habari zake umezisoma kwa kurukaruka, kama kawaida yako.

Yule ni mtoto wa seremala. Kazaliwa Fontana Liri 1924, akalelewa hapohapo ulipo wewe, kisha Roma, na tangu kijana alikuwa akiingia studio za Cinecittà kujaza umati kwenye filamu. Nani alimjua? Vita vikaja, Wajerumani wakamtia kwenye kazi za lazima, akatoroka akajificha Venezia. Vilipokwisha akaajiriwa Roma na Eagle-Lion, wasambazaji wa filamu, upande wa hesabu. Hapa ndipo uliporuka: mchana yuko na madaftari, jioni yuko jukwaani na kikundi cha chuo kikuu. Mpaka Luchino Visconti, mwongozaji wa maigizo na filamu, anamchukua mwaka 1948, mshahara wa karani ulikuwa ukiingia. Nami sichoki kusema: lipa kodi ya nyumba kwanza, usanii baadaye.

Mjomba wako hakulipa. Unajua alivyoacha ukarani bandarini Tanga akafuata kile kikundi cha maigizo. Usilolijua ni kwamba chumba chake nilikilipia mimi, kwa mshahara wa ualimu, muda wote alipokuwa njiani. Walipofika Morogoro kiongozi wao akatoroka na viingilio, mjomba akarudi juu ya lori la mahindi. Usiku ule, badala ya kunitaka radhi, akasimama uani akatuigizia mkasa mzima: mwizi, polisi, mwenye gesti anayedai chake huku kashika taulo. Bibi yako alicheka hadi akaomba maji. Mimi sikucheka. Yaani, alipofika kwenye taulo nilikimbilia jikoni. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: alikuwa hodari. Angekuwa hajui kuigiza, lile deni ningelisahau zamani.

Halafu najirudi. Namlaumu bure labda. Kikundi chake kilikuwa cha kusafiri. Angeigizaje Morogoro usiku, asubuhi awe bandarini Tanga? Mastroianni ofisi yake na jukwaa lake vyote vilikuwa Roma. Ni kweli. Ila mwenye nyumba hakuulizi jukwaa liko wapi. Na hata huyo Mastroianni wako, baada ya Visconti hakulala akaamka nyota. Mwaka 1954 alikuwa bado anaigiza dereva wa teksi kwenye filamu, japo pembeni yake yuko mwigizaji Sophia Loren, na filamu ya La dolce vita iliyomtangaza duniani ilitoka 1960. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye mhasibu: miaka 12.

Baba yako anasema nikupe jibu la moja kwa moja. Sitaki. Ulimi unaniwasha, lakini umri wa kuamuliwa umeshaupita, na nikisema acha au baki utanikumbusha hadi nizikwe. Ingawa ningekuwa mimi... basi, yaishie hapo.

Niambie mawili tu. Hicho chuo kina masomo ya jioni? Na mkataba wako wa nyumba unaisha mwezi gani?

Mama yako