Maswali ya Wasomaji: Utupa, Rotenoni na Mto Usiotakiwa Kufa

Kwetu mtu akitwanga utupa (mmea wenye sumu ya samaki) akautia mtoni anakamatwa. Nasikia Afrika Kusini watu wa hifadhi wenyewe walitia sumu mtoni ili kuokoa samaki. Inakuwaje? (Msomaji, Morogoro)

Sumu ni ileile: rotenoni. Imo kwenye majani ya utupa. Ya kiwandani hutolewa kwenye mizizi ya mimea mingine ya jamii ya mikunde. Huingia kwa matamvua na kuzizuia seli zisitumie oksijeni, ndiyo maana samaki huelea akitweta ilhali maji yana hewa tele.

Kinachotofautiana ni mipaka. Katika mto Rondegat, milima ya Cederberg, besi, samaki mla samaki aliyeletwa kutoka Amerika Kaskazini, alikuwa amewala samaki wadogo wa asili chini ya maporomoko. Juu yake, asikoweza kupanda, samaki wa asili walisalia. CapeNature, shirika la hifadhi la jimbo la Western Cape, walitia rotenoni mwaka 2012, wakarudia 2013, kwenye kipande cha kilomita 4 hivi kati ya maporomoko na banio lililo chini. Maporomoko yalitunza mbegu: samaki wa asili walishuka wenyewe baada ya sumu kwisha. Banio lilimzuia besi asipande tena kutoka bwawa la Clanwilliam. Mto usio na vizuizi vya namna hiyo usiguswe, kwa sababu adui atarudi na samaki wa asili watakuwa wamekufa bure.

Anayetwanga utupa hana kizuizi, kipimo wala dawa ya kuizima sumu. Anaua makinda na wadudu wa majini wanaolisha mto mzima.

Kipimo hupatikanaje, na sumu huzimwa vipi? (Msomaji, Iringa)

Anza na wingi wa maji. Mto ukipitisha lita 500 kwa sekunde, na dawa (yenye rotenoni asilimia 5) ikitakiwa miligramu 1 kwa lita, utatia gramu 0.5 kila sekunde. Kwa saa 6 ni kilo 10.8. Kasi ya maji hupimwa kwanza kwa rangi isiyodhuru, ili vituo vya kudondoshea vipangwe kwa umbali wa saa moja au mbili za mwendo wa maji, maana dawa hufifia njiani.

Ndoo ya kawaida yenye bomba haifai. Ikipungua, mgandamizo hupungua na matone hupungua kasi. Saa ya kwanza mto unapata dawa nyingi, ya mwisho kidogo. Chombo lazima kitoe kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho.

Kazi huharibikia pembeni: chemchemi, majani mazito, vidimbwi vilivyojitenga. Maji safi yanayochuruzika kando humpa samaki pa kujificha, na jozi moja tu ikipona inatosha kuanza upya. Huko hupigwa dawa kwa bomba la mgongoni.

Kwenye mpaka wa chini hutiwa pamanganeti ya potasiamu, kemikali ya kuizima rotenoni, mara nyingi miligramu 2 hadi 4 kwa lita. Kwa mto wetu, miligramu 4 ni kilo 7.2 kwa saa. Yahitaji dakika 15 hadi 30 kufanya kazi, na matope na majani yaliyooza huila kabla haijaikuta rotenoni, hivyo maji yapimwe siku hiyohiyo. Ikizidi, nayo huua. Samaki hai huwekwa kwenye vizimba chini ya hapo. Wakianza kuyumba, kipimo kimekosewa. Mwaka 1962, katika mto Green, Marekani, sumu ilikipita kituo cha kuizimia ikaingia eneo la hifadhi la Dinosaur.

Kambare wamevamia bwawa langu la perege. Nitie utupa? (Msomaji, Songea)

Hapana. Toa maji yote, okota kambare kwa mkono, na acha udongo ukauke hadi upasuke. Vidimbwi vinavyobaki vitie chokaa, kwani kambare hujizika kwenye tope bichi akasubiri maji. Kabla ya kujaza tena, funga wavu wa matundu madogo kwenye mdomo wa maji yaingiayo. Kwa kawaida ndipo alipopitia.