Avoka (wakili) anajibu: binti alinyamaza, juji akasema alikubali

Wiki hii maswali mengi yamezaliwa na kesi moja ya Australia ambayo wanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi wanaibishania. Naanza nayo.

Metre (ndivyo avoka anavyoitwa hapa), huko Sydney juri ilimtia kijana hatiani kwa kumbaka binti, rufaa ikafuta. Basi binti alidanganya? (Mwanafunzi, Kampemba)

Hapana. Juri ni raia wa kawaida, mara nyingi 12, wanaosema "ana hatia" au "hana" bila kutoa sababu. Mkata rufaa atashika wapi? Anashika maneno juji aliyowaelekeza. Tukio lilikuwa la 2013, nyuma ya klabu ya usiku. Juri ikamtia kijana hatiani 2015. Mwaka 2016 rufaa ikaona juji aliwaelekeza vibaya kuhusu kile kijana mwenyewe alichoamini. Kesi ikarudiwa 2017 mbele ya juji peke yake. Huyo akasema wazi kwamba binti hakuridhia, lakini akamwachia kijana, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alilijua hilo. Upande wa mashtaka ukakata rufaa: ikaonekana naye juji alikosea, hakupima kijana alifanya nini ili kujua ridhaa. Kesi ya tatu haikuamriwa. Tangu Juni 2022 sheria ya New South Wales haimpokei mtu anayesema "nilidhani amekubali" kama hakusema wala kufanya lolote ili kuhakikisha. Kwangu mimi, walichelewa.

Kwetu Kongo juri iko? (Papa, Katuba)

Haiko, Papa. Wabelgiji wanayo kwao, hawakutuletea. Ubakaji unasikilizwa na majuji watatu wa Tribunal de grande instance (mahakama ya makosa makubwa), na kifungu cha 21 cha Katiba kinataka kila hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. Avoka wa hapa anasaka kosa ndani ya sababu hizo.

Juji ameandika kwamba mtoto wa dada yangu "hakupiga kelele", akamwachia mtu. Tufanye nini? (Mama, Kenya)

(Kenya mtaa wetu, si nchi.) Mama huyu alinijia na kopi ya hukumu ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne, mstari huo ameupigia kalamu nyekundu. Alipiga penyewe. Sheria 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema ridhaa haiwezi kudhaniwa kutokana na ukimya wa mwathirika wala kutokana na kutopigana kwake. Mwenendo wake wa zamani na wanaume nao hauwezi kumtoa mshtakiwa. Na kama binti hajafika miaka 18, swali la kukubali halina hata nafasi.

Ila Mama, angalia mlango. Familia ikiwa upande wa madai, rufaa yake inagusa fidia tu. Kifungo kinadaiwa na parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka. Nenda parke na hukumu hiyo, uwaonyeshe mstari mwekundu, na uende leo: siku ni 10 tangu hukumu isomwe. Nimeona familia zikifika siku ya 14 na hoja nzuri kabisa, karani anatikisa kichwa.

Rufaa ikipokelewa, mtu anatoka gereza la Kasapa palepale? (Kijana, Kamalondo)

Si lazima. Mahakama ya Rufaa inaisikiliza kesi upya yenyewe. Parke nayo ikiwa imekata rufaa, miaka inaweza kuongezeka, na ubakaji ni 5 hadi 20.