Abaya imekuja sivyo: niseme sikuipokea?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa Ngamiani, Tanga. Niliagiza abaya kwenye duka la mtandaoni la Uturuki, nikalipa kwa kadi. Waliandika kitambaa kizito. Imekuja nyepesi, nikiingiza mkono ndani vidole vinaonekana. Duka linataka niirudishe kwa gharama zangu, na nauli ya mzigo inazidi bei ya abaya yenyewe. Shoga yangu ananiambia niiambie benki mzigo haukufika, watanirudishia hela. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Haifai, mama. Mzigo umefika. Muuzaji amekosa, sawa, lakini Mtume (s.a.w.) amesema: "Mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana."

Haki yako ipo bila uongo. Kitu kilichouzwa kwa sifa, pesa ikatangulia, kinakwenda njia ya biashara ya salam, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kikija kinyume cha sifa hulazimiki kukipokea. Basi iambie benki lile lile uliloniambia mimi: bidhaa hailingani na maelezo. Malalamiko ya namna hiyo nayo yanapokelewa kwa waliolipa kwa kadi. Ambatanisha picha ya tangazo, picha ya mkono wako ndani ya kitambaa, na majibu yote ya duka. Usikawie, mafakihi wetu wanataka aliyegundua kasoro adai mara moja, na benki nao wana muda wao wa mwisho.

Na usiivae! Wako wanaokwenda nayo harusini, lebo wameificha kwapani, kesho yake wanadai kurudisha. Ukiitumia baada ya kuijua kasoro, umeridhia.

Kuhusu nauli, Waislamu hufuata masharti waliyokubaliana, kweli. Ila mimi naona sharti hilo ni la aliyebadili mawazo au aliyekosea vipimo vyake mwenyewe, si la kumbebesha mzigo aliyeuziwa kinyume cha maelezo. Wadai walipe wao. Wakikataa, wakakupa sehemu ya pesa ubaki nayo na nyote mkaridhia, hiyo ni sulhu, chukua.

Ukibaki nayo kisha ukataka kuiuza sokoni Mgandini, mwambie mnunuzi kabla hajatoa pesa kwamba inaonyesha, aitafutie gauni la ndani. Bei itashuka, haidhuru.

Wallahu a'lam.