Mume akirudi kutoka ziwani anageukia ukutani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, kambi yao iko Ukerewe. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Siku za giza yuko ziwani. Mwezi ukiwaka taa zao za kuvutia dagaa hazifui dafu, basi anarudi nyumbani Igogo. Zamani siku hizo zilikuwa sikukuu yetu. Tangu mwaka jana akirudi anaoga, anakula, anageukia ukutani. Hatugombani. Nisikufiche, mwaka huohuo alichukua pesa niliyokopa kikoba akanunua injini ya mtumbwi bila kunishirikisha. Injini ikafa, marejesho nikabeba mwenyewe, mpaka kabati la nguo likauzwa. Hilo nilishamsamehe. Wenzangu wa kikoba wanasema ndoa nyingi zinavunjika kwa kukosa unyumba, yangu imeshakufa, nidai talaka mapema. Ni kweli? Mama wa Igogo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniuliza habari za kitandani, lakini injini umeisimulia kuanzia kununuliwa hadi kufa kwake, na kabati hukulisahau. Aliyesamehe kabisa haandiki hivyo.

Kabla ya kuandika hapa nilikaa sana kwenye baraza la usuluhishi la kata. Watu hawakuwa wakianza na unyumba. Walianza na pesa ya chakula, ada, mawifi, simu inayolazwa kifudifudi. Mpaka mzee mmoja wa baraza aulize taratibu, "Na kulala, mnalala pamoja?" Hapo mama anaanza kusokota pindo la khanga, baba anahesabu mabati. Kwa kuwa ndilo linalotoka kwa shida na mwishoni kabisa, wanaosikiliza wanalibeba hilo hilo kwenda kusimulia mtaani. Mara nyingi lilikuwa limetanguliwa na mengine.

Sisemi ni jambo dogo. Wapo waliokuwa wanapendana, hela ipo, watoto wazima, wakaachana kwa hilo tu, na sikuwalaumu. Mtu mzima akinyimwa muda mrefu bila kuelezwa sababu anaumia. Lakini kwako naona aibu ya mwanamume. Nguo zake siku hizi ziko kwenye begi au zimening'inia msumarini, sivyo? Kila akiingia chumbani anaona pale kabati liliposimama, na anajua nani alilipa. Wewe nawe umenyamaza, unaita kusamehe.

Kuna jingine. Presha na kisukari hupunguza nguvu za kiume, na baadhi ya dawa za presha pia. Mwanamume anaona bora ageukie ukutani kuliko kujaribu akashindwa. Aende hospitali ya Sekou Toure apimwe vyote viwili. Kama tayari anameza dawa asiziache kienyeji, amwambie daktari, zipo za kubadilisha. Na zile za unga zinazouzwa stendi, zenye kutibu kila kitu kuanzia mgongo, mwachie muuzaji azinywe mwenyewe.

Kuhusu talaka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama ijiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Inataja uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi, kutoroka nyumbani kwa miaka isiyopungua 3, na mengine. Kunyimana unyumba hakumo kwa jina lake. Wanaolalamikia hilo hulipitishia kwenye ukatili au kutelekezwa. Na kwa kawaida lazima mpite kwanza baraza la usuluhishi, likishindwa ndipo litoe hati ya kwenda nayo mahakamani. Kwa hiyo huyo shoga anayekuambia "dai mapema" hajui foleni ilivyo.

Safari hii akirudi, usimvamie usiku wa kwanza. Mtu aliyekesha juu ya maji giza zima hata jina lake halikumbuki. Mwache alale. Kesho yake mchana, watoto wakiwa shule, mketishe uani umwambie pesa ya injini ilikuuma na bado inakuuma. Mwambie ulivyolipa, wiki kwa wiki. Halafu umwache aongee, hata akikaa kimya chai ikapoa usimjazie maneno. Habari za kitandani zianzishe baadaye, na uanze na hospitali. Mwezi ukiisha hajasema kitu, nenda baraza la kata yako, wala si kwa ajili ya talaka. Waite wazee wawasikilize wote wawili.

Wenzako wa kikoba wapelekee marejesho tu.