Kabla hujalipia ea klina, ilaze kwanza kwenye boksi lake

Juzi Jumanne nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Urambo. Aliandika hivi: "Kaka, habari za mihangaiko. Nimeenda kununua ea klina, lile chujio la hewa ya injini, ya Passo yangu. Duka la kwanza wanasema elfu nane, la pili elfu thelathini na mbili. Zote zina mikunjo, zote zina mpira pembeni, mimi sioni tofauti. Nisaidie nisije nikaibiwa."

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nilale. Nikajikuta nimekaa na simu mkononi karibu nusu saa. Swali lake ndilo ambalo mimi sikumuuliza mtu yeyote kiangazi cha 2023, na kutouliza huko kulinigharimu shilingi laki nane na elfu sabini pamoja na miezi miwili ya biashara. Kwa hiyo namjibu hapa kwa urefu, ili na wewe mwenye IST, Vitz, Corolla au Probox unayeitegemea kwa riziki usome.

Kwa ambao hatujuani: nanunua asali vijijini huko Sikonge na kuileta Tabora mjini, nyingine inaendelea Dar es Salaam kwa wateja wa jumla. Gari langu ni Probox, injini ya 1NZ, nililinunua 2021 likiwa limeshatumika. Ndiyo mali ya kwanza kubwa niliyowahi kupata kwa jasho langu. Siku linaingia uani mama yangu alilishika boneti, akaliombea. Nasema hivi ili uelewe kwa nini yaliyofuata yaliniuma.

Kutoka mjini kwenda Sikonge mpaka Ipole ni lami, unatiririka. Ukiacha lami kuelekea Kitunda, mambo yanabadilika. Kuanzia Juni mpaka mvua zinapoanza, ukikutana na lori hapo unawasha taa saa saba mchana na bado huoni kitu. Vumbi linaingia kwenye masikio, kwenye mifuko ya shati, kwenye nyuzi za mizani. Udongo wetu wa Unyamwezi una mchanga mwingi, na kwa hili la leo, mchanga ndio kiini cha habari. Chembe za mchanga nyingi ni za kwazi, madini magumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda, yaani vyumba vya injini ambamo pistoni hupanda na kushuka. Chembe hiyo ikipita, haipiti bure.

Mimi nilijiona mtu makini. Kila Jumamosi nilipitia kwa kijana wa pancha, nachomoa ea klina, anaipiga upepo wa kompresa, vumbi linatoka kama moshi wa tanuri la mkaa, naondoka nimeridhika. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Hakuna aliyeniambia kwamba upepo wa kujazia matairi ni mkali mno kwa karatasi ile, unalegeza nyuzi zake na kuipasua vitundu ambavyo macho hayavioni. Na hakuna aliyeniambia jambo la pili, ambalo nilipolijua lilinishangaza: ea klina ya karatasi ikiwa na vumbi kiasi juu yake huchuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya kabisa, kwa sababu lile tabaka la vumbi nalo linazuia vumbi. Nilikuwa naondoa kinga na kuchana karatasi kwa wakati mmoja, kila wiki, tena kwa pesa.

Mwezi wa sita 2023 nikaona karatasi imeanza kunyauka. Nikaingia duka moja la spea, nikasema nataka ea klina ya Probox. Muuzaji hakuuliza mwaka wala namba ya chesisi. Akanyoosha mkono rafuni, akaniambia, "Hii inaingia zote za Toyota hizi ndogo, elfu tisa tu bosi." Nikalipa. Kijana aliyenifungia alipata shida na klipu moja ya boksi, lile kasha la garini ambamo ea klina hukaa, akaipiga kwa kiganja mpaka ikakubali. Nilisikia ule mlio wa kujifunga, nikafurahi. Ule mlio naukumbuka mpaka leo.

Miezi minne ikapita. Kwanza ikawa oili inapungua. Nikaongeza. Nikalaumu aina ya oili, nikabadilisha. Halafu asubuhi nikiwasha, moshi wa bluu. Fundi wa kwanza akasema sili za valvu, tukabadilisha, moshi ukabaki pale pale. Mwishoni nilikuwa naweka karibu lita moja ya oili kila safari ya Kitunda kwenda na kurudi, na gari lenye mzigo lilikuwa haliwezi kilima cha kawaida bila kuzima AC.

Nikapelekwa kwa fundi mmoja mzee upande wa Ipuli. Nilimwamkia, nikaanza kueleza historia yote ya oili na sili. Akaniacha nimalize. Kisha akafungua boksi la ea klina, hakuangalia kitu kingine chochote. Akapitisha kidole ndani ya kifuniko, upande ambao hewa hupita ikiwa imeshachujwa, akaniinulia kidole. Kilikuwa kimejaa vumbi laini kama unga wa muhogo. Akaiweka ea klina yangu kwenye kitako cha boksi, akamulika tochi kwa chini. Mwanga ukatokea ubavuni, mstari mwembamba wa urefu kama wa kalamu. Mpira wa ukingo haukufika mwisho.

"Mwanangu," akasema, "gari lako limekula mchanga miezi yote hii. Hewa haina haja ya kupita kwenye karatasi kama umeiachia mlango."

Akapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, silinda mbili ziko chini. Akadondoshea oili kidogo kwenye zile silinda, akapima tena, ikapanda. Akanieleza kwamba ikipanda namna hiyo shida ni ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, maana oili imeziba pengo kwa muda. Tulipofungua injini, kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo ya wima unayoihisi kwa ukucha, na ringi zimelika. Kwenye bomba la hewa hadi kwenye throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, vumbi limeganda.

Nilirudi dukani na ile ea klina mkononi. Sikwenda kugombana, nilitaka tu asimuuzie mtu mwingine. Akanijibu mbele ya wateja, "Si uliiona mwenyewe kabla hujalipa?" Miaka imepita na sentensi hiyo bado inanichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Niliiona, ila sikuitazama. Mteja wangu mkubwa wa Dar alisubiri wiki tatu, akapata asali kwingine. Hajarudi mpaka leo.

Sasa dada yangu wa Urambo, na wengine wote, sikilizeni.

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko tunavyodhani. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukipiga hesabu kwa ujazo, lita moja ya petroli inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Safari inayomaliza lita 30 imevuta zaidi ya lita 270,000 za hewa ya barabara ile ile uliyokuwa unaikohoa. Chembe zinazoua ringi si mchanga unaouona kwenye kioo. Ni zile ndogo, za maikroni 10 au 20 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nyembamba mara kadhaa kuliko unywele wako. Hizo zinapita kwenye ufa ambao wewe utasema "aah, ni kidogo tu."

Ndiyo maana nasema ukingo kwanza. Rangi baadaye, jina baadaye, bei baadaye. Beba ea klina yako ya zamani uende nayo dukani, au nenda na gari lenyewe. Omba ile mpya uilaze kwenye boksi kabla ya kulipa. Mpira wake ulale kwenye mfereji wake pande zote nne, uwe laini, ukiubonyeza urudi. Kifuniko kishuke kwa mkono na kibane kidogo, klipu zote zijifunge bila kupigwa. Ikibidi kupigwa, si yako. Muuzaji akikataa usiijaribu, toka. Natamani ningetoka.

Namba nazo zinasaidia. Kwa Toyota, namba ya ea klina huanza na 17801, halafu zinafuata tarakimu nyingine tano, au herufi na tarakimu. Wauzaji wengi wataona 17801 wakakwambia ndiyo hiyo hiyo. Hizo za mwanzo zinasema tu kwamba ni chujio la hewa. Zile za nyuma ndizo zinazosema ni la gari gani. Na usitegemee jina la injini peke yake, maana injini moja huwekwa kwenye magari tofauti yenye maboksi tofauti. Nenda na namba ya chesisi.

Ukisharidhika na ukingo, itazame karatasi juani au kwa tochi. Mwanga upite hafifu na sawa kila mahali. Ukiona nukta inayong'aa, hilo ni tundu. Mikunjo iwe na nafasi sawa, isilaliane, na gundi inayoishikilia kwenye fremu isiwe na mapengo kwenye kona. Ukizishika mbili za gari moja, ile yenye mikunjo mingi zaidi kwa kawaida ina karatasi nyingi zaidi, itakaa muda mrefu kabla haijaziba. Mimi natumia ya kampuni ya kati, si ile ghali kabisa. Pakiti nzuri yenye maandishi ya Kijapani haizuii vumbi, na majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi.

Kuna vijana wananiuliza kuhusu zile ea klina za umbo la koni, za pamba iliyopakwa oili, eti gari linakuwa jepesi. Kwa barabara zetu za kiangazi siwezi kumshauri ndugu yangu. Zinapitisha hewa kirahisi, na vumbi vilevile, na ukizidisha oili yake inakwenda kupaka uzi wa sensa ya hewa, taa ya injini inawaka, unaanza safari nyingine ya gereji.

Halafu hili la mafuta. Kila duka utaambiwa, "Ea klina chafu inakula mafuta." Kwa magari ya zamani ya kabureta ni kweli. Kwa magari ya nozeli tunayoendesha, ambayo kompyuta ndiyo inayopima petroli ya kunyunyiza, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu mwaka 2009 na kukuta kwamba chujio lililoziba halikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kujali. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli inayolingana nayo. Nalisema hili kwa sababu hofu ya mafuta ndiyo inayotufanya tupulize kila wiki na kununua mpya ya bei rahisi kila mwezi, na kila ukifungua boksi unampa vumbi nafasi ya kudondokea upande safi. Acheni kufungua fungua. Acheni kompresa za pancha. Na tafadhali, acheni kuiosha ea klina ya karatasi kwa sabuni ya unga na kuianika juani. Nimeona watu wazima wanafanya hivyo, watu wanaolipa ada za shule kwa gari hilo hilo.

Mimi sasa naikagua kila mwezi kiangazi, nikiikung'uta taratibu tu kama ina majani au wadudu, na nabadilisha kila kilomita 10,000 hivi. Anayezunguka mjini kwenye lami anaweza kwenda mbali zaidi ya hapo, asome kitabu cha gari lake. Nikiwa nyuma ya lori nasimama chini ya mti dakika tano vumbi litue. Wateja wangu wa asali wamezoea kusubiri dakika tano. Wiki tatu ndizo walizoshindwa.

Kila mara, kabla sijaweka ea klina mpya, naziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, nafuta boksi lote kwa kitambaa kingine chenye unyevu, ndipo naiweka. Mkono wangu mwenyewe. Simpi tena mtu kazi hiyo.

Dada wa Urambo amenijibu leo asubuhi. Alirudi kwenye maduka yote mawili na ea klina yake ya zamani kwenye mkoba. Ya elfu nane ilikuwa fupi kwa kama upana wa ukucha. Ya elfu thelathini na mbili ilikaa vizuri, lakini alipoimulika kwa tochi ya simu, kona moja gundi haikushika. Ameziacha zote mbili. Ya tatu, ya elfu kumi na nane, ameletewa na basi kutoka Tabora mjini, imelala kwenye boksi na klipu zimefunga kwa vidole viwili. Nimemwambia akifika kilomita 500 afungue tena, apitishe kitambaa cheupe upande wa ndani wa kifuniko, anitumie picha.