Kreatini ya mama "kawaida": je, figo ziko salama?

Dada, umesema mama ana miaka 68, kisukari cha siku nyingi, mwembamba, na maabara wameandika kreatini 1.2 mg/dL, "kawaida". Mimi nisingeridhika. Kreatini ni taka ya damu ambayo figo huichuja, nayo hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mzee mwembamba anaweza kuwa nayo kidogo hata kama figo zimechoka. Kwa CKD-EPI ya 2021, kanuni ya kukadiria kazi ya figo, 1.2 kwa mwanamke wa umri huo ni kasi ya figo kuchuja damu ya kama 49 (mL kwa dakika kwa 1.73 m² za mwili). Ikibaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo tayari ni ugonjwa sugu wa figo.

Sasa omba kipimo cha ACR, yaani uwiano wa albumini (protini) na kreatini kwenye mkojo, na upeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya 30 mg/g ni nafuu. Ikizidi 300, figo ziko hatarini kushuka haraka, hata kama damu inasoma 49 ileile. Ni ajabu kipimo hiki husahaulika mara nyingi hivyo!

Sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo, haiyumbishwi sana na misuli, ila ni ghali, isubiri kwanza. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya magoti, asinywe mpaka daktari aone majibu, maana inaweza kuumiza figo.