Kabla ya Kununua Gari la Spoti Lililotumika, Ijue Injini Yake

Anayetafuta gari la spoti lililotumika huanza na kilomita, kisha rangi. Mimi huanza na namba ya injini. Kwa miaka niliyomiliki magari haya na kukaa gerejini na wenzangu, nimeona anayeumia zaidi ni yule anayeujua udhaifu wa injini baada ya kulipa.

Chukua Porsche. Boxster na 911 nyingi zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008 zina injini za M96 na M97. Ndani yake mna shafti ya kati inayoendesha cheni za taimingi, yaani zinazopanga valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, na upande mmoja imeshikwa na beringi iliyofunikwa, yenye grisi yake. Oili ikipenya humo, grisi husombwa na beringi huanza kulika. Siku ikivunjika, taimingi inapotea, valvu zinakutana na pistoni, na injini ndiyo imekufa. Wakati huohuo 911 Turbo na GT3 za kipindi hicho zilikuwa na injini nyingine kabisa, isiyo na ugonjwa huo. Kwa nje magari yanafanana kama ndugu.

Wenye magari walifungua kesi Marekani, na mwaka 2013 maridhiano yakapatikana. Yaligusa modeli za 2001 hadi 2005 tu, tena kwa ukomo wa miaka 10 au maili 130,000 tangu gari lianze kutumika. Hapo ndipo mnunuzi wa mkono wa pili alipobanwa. Gari lililofungiwa stoo na kutembea kidogo, lile ambalo kila mtu hulitamani, miaka yake ilihesabiwa vilevile hata likiwa limesimama.

Kusema kweli, jambo hili linaniudhi. Kasoro ya usanifu ilikuwamo siku gari lilipotoka kiwandani. Haikuletwa na mmiliki wa tatu. Kampuni ikishajua, iwajibike kwa injini yenyewe, bila kujali kadi ya gari ina jina la nani. Na inawezekana: Mazda iliongeza dhamana ya injini ya RX-8, gari lake la spoti linalotumia rota inayozunguka badala ya pistoni, kwa zile za 2004 hadi 2008 huko Marekani hadi miaka 8 au maili 100,000. BMW nayo ilizirudisha gerejini M3 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili zibadilishwe beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni. Hata hizo dhamana zilikuwa na mwisho, lakini ni afadhali kuliko kukana.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, peleka namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni uulize kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo gari hilo halijafanyiwa. Liwashwe likiwa limepoa kabisa. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika, mwambie utarudi siku nyingine. Fundi akate chujio la oili alifungue, atazame kama kuna chembe za chuma. RX-8 ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, kwa kipimo cha injini ya rota, maana kile cha kawaida hakitakuonyesha kila upande wa rota. Ukiambiwa beringi ilishabadilishwa, omba risiti.

Risiti za namna hiyo ndizo zilizonisaidia injini yangu ilipoharibika kwa kasoro iliyokuwa ikijulikana, dhamana ikiwa imeisha. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa hapana. Niliandika tena, nikaambatanisha rekodi za kila badiliko la oili na picha za chujio, nao wakakubali kubeba sehemu ya gharama ya spea. Haikuwa haki kamili, ila ilitosha kulirudisha gari barabarani.

Ikikufika, usiruhusu injini ifunguliwe siku hiyohiyo. Iarifu kampuni kwanza kwa maandishi, uwape nafasi ya kuja kuikagua, kisha mwambie fundi asitupe hata kipande kimoja.